Msimchomee Mtoto Gari Lake la Waya

Huku Markham tuko wazima, baridi inatung'ata lakini ndiyo desturi yake. Leo sina habari za theluji wala za kubeba maboksi. Leo nina ugomvi, na wahusika wanajijua.

Mwenzenu nilimaliza kuunda na kupaka rangi gari dogo la plastiki, la mashindano, nikawatumia picha kwenye kundi la familia. Majibu nimeyasoma yote. Mmoja kauliza kama Kanada imenirudisha chekechea. Mwingine kasema mtu mwenye mvi hachezi na vigari. Binamu yangu mmoja kachukua bei ya boksi, kaigeuza kuwa shilingi, kisha kanitajia ada za watoto wake. Hayo nimecheka, utani wa ukoo nauelewa. Lililonikera ni ujumbe wa dada: kwamba Jumamosi hiyohiyo shemeji alilikanyaga gari la waya la mwanawe, akalitupa kwenye shimo la taka linalowaka, kwa kuwa mtoto "anashinda na takataka badala ya kusoma". Halafu dada akamalizia: basi mjomba umtumie lile la betri, la rimoti, ili anyamaze.

Jamani, hili halipiti hivihivi. Mnamnyang'anya mtoto kitu cha thamani, kisha mnaniomba mimi ninunue kisicho na thamani cha kuziba pengo. La rimoti SITUMI. Sababu zangu nitazitaja moja baada ya nyingine, na namwomba shemeji anisome mpaka mwisho ndipo anune.

Kwanza mlielewe hilo gari mliloliona kwenye picha. Marekani na hapa Kanada kuna mbio za magari ya stoku, yaani magari ambayo asili yake yalikuwa ya kawaida kabisa, ya kununuliwa dukani na baba mwenye watoto, kisha fundi akayatengeneza yakaenda mbio. Chama chao kikubwa, NASCAR, kilianzishwa mwaka 1948. Lile nililounda ni Chevrolet ya 1962, namba 34. Namba hiyo sikuitoa hewani. Ni ya Wendell Scott, mtu mweusi wa Danville, Virginia. Tarehe 1 Desemba 1963, kule Jacksonville, Florida, alishinda mbio za ngazi ya juu ya NASCAR, mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Bendera ya ushindi hakupewa yeye, alipewa mzungu aliyeitwa Buck Baker, ingawa Scott alikuwa amemwacha kwa mizunguko miwili. Watu walipokwisha kutawanyika ndipo wakubwa wakakiri kwamba mshindi ni Scott. Alifariki mwaka 1990. Kombe la ushindi ule familia yake ilikuja kukabidhiwa Agosti 2021. Mweusi wa pili kushinda ngazi hiyo, Bubba Wallace, alishinda Oktoba 2021. Hesabuni wenyewe hapo katikati imepita miaka mingapi.

Sasa sikilizeni kinachotuhusu. Huyu Scott alikuwa dereva wa teksi na fundi. Vitani alikuwa fundi wa magari ya jeshi. Hakuwa na kampuni tajiri nyuma yake. Alitengeneza gari lake mwenyewe, pamoja na wanawe, kwa spea zilizokwisha kutumiwa na wengine. Kwa lugha ya kwetu, alikuwa fundi wa chini ya mwembe. Leo jina lake limo kwenye jumba la heshima la NASCAR, ambako aliingizwa mwaka 2015. Angekulia kwenye ua wa baadhi yenu angekanyagiwa gari lake akiwa na miaka tisa, na hadithi ingeishia hapo.

Pili, mnadhani kazi hii ni mchezo kwa sababu hamjui inavyofanyika. Modeli hizi huja kwenye boksi, vipande vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama maembe kwenye tawi. Unaviosha kwanza kwa maji ya sabuni, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki kwenye mafuta. Unakata kipande kimoja kimoja, unapiga msasa pale kalibu ilipoacha mstari. Unajaribu bodi na chasisi kama vinakaana kabla ya kugusa gundi. Unapuliza praima, unasubiri. Unapuliza rangi nyembamba, unasubiri, nyingine nyembamba, unasubiri tena. Ukiwa na pupa rangi inachuruzika, na utarudi kuanza na msasa. Huku kuna na balaa la baridi: Januari gereji ni friji, rangi ya kupuliza haitaki baridi, na ndani ya nyumba harufu yake ni sumu. Basi unavizia siku yenye nafuu. Namba na maandishi ya ubavuni ni vikaratasi laini unavyoviloweka majini mpaka viteleze, kisha unavihamishia kwenye bodi kwa brashi bila kupumua. Mwisho kabisa unapuliza rangi angavu ya kulinda na kung'arisha. Muulizeni fundi rangi yeyote wa Gerezani kama hizo si hatua zake mwenyewe. Ni zilezile, ila kwa gari la kukaa kwenye kiganja.

Nakaribia sasa kwenye shoka lenyewe. Mbele ya ubavu wa boksi pameandikwa 1/25. Hiyo ni skeli, kama ile ya ramani tuliyokaririshwa kwenye jiografia. Kila sentimita 1 ya modeli ni sentimita 25 za gari halisi. Gari lile lina urefu wa mita 5.3 hivi, basi modeli ina sentimita 21 na kidogo. Na si urefu tu: tairi, usukani, kitasa cha mlango, vyote vimegawanywa kwa 25, ndiyo maana ukiliangalia jicho linakubali. Kipande kimoja kikitoka nje ya skeli, hata asiyejua hesabu atasema "hapa pana kitu hakijakaa sawa".

Boksi lile lilikuwa la gari la kawaida, lenye viti vya nyuma. Gari la mashindano halina viti vya nyuma, lina kizimba cha mabomba ya chuma kinachomlinda dereva likipinduka. Kizimba hakimo kwenye boksi. Nilikitoa wapi? Nilikikunja kwa waya. Plaizi, waya na picha ya zamani ya gari, basi. Vidole vilijua vyenyewe, kwa sababu vilisomea kazi hiyo Morogoro, uani, na mwalimu wao hakuwa na chaki. Majirani wawili wanaofanya kazi hizi, mmoja mzee wa Kizungu na mwingine Mtamil wa makamo, waliligeuza gari huku na huku, wakapita boneti, wakapita rangi niliyoihangaikia wiki tatu, wakasimama kwenye kizimba. Wakaniuliza umejifunzia wapi kukunja waya namna hii? Kwenye gari zima, kitu pekee kilichowashangaza ni kile ambacho kwetu mtoto anachapiwa.

Mtaniambia Markham ni ya matajiri, wana muda wa kupoteza. Mji huu kwa sensa ya 2021 una watu zaidi ya 338,000, na wengi wao ni wa asili ya Asia: Wachina, Wahindi, Watamil. Ni wahamiaji kama mimi, na kwa masomo ya watoto wao ni wakali kuliko shemeji mara kumi! Lakini nenda Pacific Mall, pale Steeles na Kennedy, mkatazame vibanda vyenye maboksi ya modeli za maroboti ya Kijapani yaliyopangwa mpaka darini. Wazazi haohao wakali wanasimama pale wanamnunulia mtoto boksi na koleo lake. Hawaoni ugomvi kati ya modeli na hesabu. Wanajua mtoto anayeweza kukaa saa tatu na kipande cha sentimita moja ataweza pia kukaa saa tatu na swali la hesabu.

Haya, turudi uani kwenu. Gari alilolitupa shemeji nilitumiwa picha yake mwezi mmoja kabla. Bodi ya kopo la mafuta, fremu ya waya, tairi za ndala zilizokatwa mviringo, usukani wa waya mrefu unaofika kifuani. Na usukani ule unafanya kazi: ukikata kulia tairi za mbele zinakata kulia. Nani alimfundisha? Hakuna. Aliinama chini ya daladala akaangalia. Mtoto wa miaka tisa katazama mashine, kaelewa inavyofanya kazi, kaiunda upya kwa vitu vya jalalani. Mimi wa Markham na boksi langu nilipewa vipande vilivyokwisha kukatwa na karatasi ya maelekezo. Kati yangu na yeye, anayestahili kuitwa mhandisi ni yeye. Anayestahili kuitwa mtoto anayecheza ni mimi. Na hilo la rimoti mnaloliomba halimfanyi kuwa chochote: atabonyeza, litakwenda, betri zitakwisha, litakaa juu ya kabati. Litamfundisha kwamba magari hutoka kwa watu wengine.

Tatu, tuseme ukweli. Sababu ya kulikanyaga gari lile si mitihani. Mtoto akishinda mbele ya televisheni saa zilezile hakuna anayevunja televisheni. Sababu ni AIBU. Gari la waya ni harufu ya umaskini, na sisi tumeshajenga, tumeweka marumaru, majirani wakimwona mtoto wetu anaburuta kopo watasemaje? Basi tunamnunulia la plastiki lenye taa ili ionekane tumetoka huko. Nawaelewa, aibu hiyo nimekua nayo. Lakini tusimtwike mtoto aibu yetu na kuiita elimu.

Na kama ni aibu, hebu tuwaangalie hawa wenye mbio za stoku. Mnajua walianzia wapi? Kwenye gongo! Kule milima ya kusini mwa Marekani watu walikuwa wanapika pombe haramu na kuisafirisha usiku, na mafundi wakawa wanatengeneza magari ya kawaida ili yawashinde polisi mbio. Junior Johnson, mmoja wa mabingwa wao wakubwa, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa gongo wa baba yake akafungwa jela. Mwaka 1960 akashinda mbio za Daytona 500. Mwaka 1986 Rais Reagan akamsamehe rasmi. Na Scott naye gongo aliibeba. Hawa watu hawakuficha asili ya ufundi wao, waliijengea viwanja na majumba ya makumbusho. Sisi ufundi wetu haukuanza hata kwenye uhalifu, ulianza kwenye kopo la mafuta, na tunaona haya.

Tena msidhani ni mambo ya Wamarekani peke yao. Mbio zetu wenyewe za Safari zilizoanza mwaka 1953, zilizokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wazee mnazikumbuka. Mwaka 1971 zilishindwa na Datsun 240Z, na 1973 Shekhar Mehta akashinda tena kwa gari la aina hiyo. Kampuni ya Kijapani inayoitwa Hasegawa imetoa modeli ya hiyo Datsun ya 1971. Yaani kuna watu wazima, ng'ambo, wanaokaa usiku na brashi ndogo wakitafuta rangi sahihi ya tope la Afrika Mashariki ili walipake chini ya bampa! Tope lilelile lililoturukia sisi barabarani. Wao wanaliheshimu kuliko sisi.

Sasa nigeuke na upande wa pili, maana nao una watu wangu. Wako wenzangu wa ughaibuni ambao wakimwona mtoto na gari la waya wanampiga picha, wanaandika "ubunifu wa Kiafrika", wanapata makofi mia mbili, wanaondoka. Wako na wanaoyanunua kuwa mapambo ya sebuleni. Huo nao ni udhalilishaji, umevaa nguo nzuri tu. Kumsifia mtoto kwa kutumia jalala, kisha kumwacha jalalani, si sifa. Waya wa tairi lililochomwa unakata vidole, jeraha lenye uchafu linaweza kuleta pepopunda, na mtoto hakuchagua kopo kwa kupenda, alichagua kwa sababu ndilo lililokuwepo. Simtaki abaki hapo. Nataka atoke hapo NA ufundi wake mkononi.

Na gari lake lina upungufu, tuseme bila kumwonea huruma. Tairi za mbele ni kubwa kuliko za nyuma. Kibini ni kirefu mno. Halina skeli. Halina kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewahi kuinama pale uani na kumpa kipimo. Shuleni anafundishwa sehemu na uwiano ubaoni, anapata sifuri. Uani ana kitu ambacho uwiano ungekifanya kiwe kizuri mara kumi, na hakuna anayemwambia kwamba hesabu ile ya ubaoni na gari hili ni jambo moja. Hapo ndipo tunapompoteza, shemeji. Umekwisha kumlipia ada, umemnunulia daftari, kilichobaki ni daraja la hatua mbili kati ya daftari na kopo. Wewe daraja hilo ndilo umelitupa motoni.

Najua mtasema: "mtaani tumejaa mafundi wa waya, na bado wana njaa". Ni kweli, na ndiyo maana sisemi waya peke yake unatosha. Nchi zetu zimekwisha kujaribu kuunda magari. Kibaha pale iliundwa Nyumbu. Kenya mwaka 1990 walizindua Nyayo Pioneer, na sokoni halikufika. Uganda, wanafunzi wa Makerere walitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011, na kazi yao ikakua mpaka kuwa kampuni ya mabasi. Magari hayo yanahitaji mitaji, viwanda na serikali zenye uvumilivu, na hayo mtoto wa miaka tisa hawezi kuyaleta. Lakini yanahitaji pia watu waliozoea tangu utotoni kwamba gari ni kitu cha kuundwa. Hata makampuni makubwa ya magari duniani, kabla ya kukata bati, huchonga kwanza gari kwa udongo maalumu, katika skeli ndogo kisha kwa ukubwa kamili. Watu wazima, wenye mishahara minono, wanafinyanga vigari vya udongo kama sisi tulivyofinyanga pembeni ya kisima. Hakuna anayewachapa.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kuna mtu wa kwetu anasafiri kuja nyumbani, nimempa kifurushi. Ndani hamna la rimoti. Mna plaizi ndogo yenye mdomo mwembamba, tupa mbili, msasa wa aina tatu, miwani ya kukinga macho, glavu za saizi yake na rula ya chuma ya sentimita 30. Mna na futi kamba. Rula ni ya mtoto. Futi kamba ni yako, shemeji.

Kazi yako ni hii, na haitakuchukua zaidi ya Jumapili moja. Mchukue mwanao mwende kwa jirani mwenye Hiace, mwombeni awaruhusu muipime. Urefu, upana, kimo, kipenyo cha tairi, umbali kutoka ekseli mpaka ekseli. Mtoto aandike kwenye daftari la hesabu, hilohilo la shule. Kisha mwambie agawanye kila namba kwa 20. Ikiwa gari lina mita 4 na nusu, la kwake litakuwa na sentimita 22 na nusu, na tairi vilevile, na dirisha vilevile. Hapo mwachie. Usimwonyeshe, usimsaidie kukunja, hujui, yeye ndiye anayejua.

Dada, wewe nakuomba kopo. Moja tu, zuri, lililooshwa, ukingo wake umepondwa kwa nyundo lisimkate. Umpe kwa mkono wako, mbele ya majirani.

Na yeyote anayetaka kuendelea kunicheka mimi na vigari vyangu, ruksa, mgongo wangu mpana. Ila mtoto aachwe. Gari likikamilika mnitumie picha likiwa juu ya rula, nataka kuziona sentimita.

Ni hayo tu kwa leo. Wasalimieni wote, wazee nawabusu mikono.